Mashine Itaje Bei, Mtu Aseme Karibu

Kuna imani imeota mizizi kwa wauzaji wa mtandaoni kuanzia Tegeta hadi Mbagala Rangi Tatu: kwamba mteja hawezi kujua kama anayemjibu ni mtu au mashine, na hata akijua hatajali, ili mradi amejibiwa haraka na kuitwa "mpendwa". Vijana wanaosimamia kurasa za biashara za watu huiuza imani hiyo kwa malipo ya kila mwezi, wakiambatanisha na wafuasi wa kununua. Naikataa kabisa. Mteja anajua, tena mapema kuliko muuzaji anavyodhani, na akishajua huondoka bila kuaga.

Sisi wa Dar matapeli walishatufunza. Meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii" imepita kwenye simu ya karibu kila mtu mjini. Imeandikwa kana kwamba ni mwendelezo wa mazungumzo ya watu wawili wanaojuana, kumbe imerushwa kwa umati, ikimtafuta yule mmoja ambaye kweli alikuwa anasubiri namba ya kulipia kodi ya nyumba. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikaweka namba 15040 ili tuziripoti. Watu waliopitia hayo wana pua kali kwa maneno ya ukaribu yasiyo na mwenyewe. Muuzaji anayemrushia mtu asiyemjua "Mambo mrembo, tumekumisi" anajipanga foleni moja na wale matapeli, hata kama bidhaa yake ni halali na moyo wake ni safi.

Nenda Keko, kwa mafundi wa samani. Mtu amechagua kitanda cha sita kwa sita kwenye ukurasa, ametuma advansi kwa simu, ameahidiwa wiki mbili. Wiki ya tatu anaandika kuuliza kulikoni. Sasa, WhatsApp Business, programu iliyotoka mwaka 2018, ina salamu inayojituma yenyewe kwa mteja mpya, na pia kwa yeyote anayeandika baada ya kimya cha siku 14. Basi aliyekwishatoa pesa yake anapokelewa hivi: "Habari mpendwa! Karibu sana, tukusaidie nini leo?" Amegeuzwa mgeni. Fundi yuko karakana, mikono imejaa gundi, hana habari kwamba simu yake imekwisha kumdharau mtu kwa niaba yake. Huyo mteja hataandika tena. Atapanda daladala aje mwenyewe, na mtaa mzima utasikia.

Au mama mtu mzima wa Toangoma anaandika, "Habari zenu wanangu, mna madera?" Anajibiwa, "Mambo mrembo!" Kijana aliyeiweka salamu hiyo, mama huyo angesimama mbele ya meza yake sokoni Tandika, angetoa shikamoo kabla ya kutaja nguo. Adabu anayo. Ameinyang'anya simu yake adabu hiyo kwa kuamini kwamba mtandaoni kuna ubinadamu wa aina nyingine, wa kujaza mapema na kuuacha ujiendeshe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kazi tumezigawa kinyume. Bei, vipimo, rangi zilizobaki, duka lilipo, bodaboda hadi Chamazi ni kiasi gani: hayo ni majibu yaleyale kwa kila anayeuliza, na mashine ingeyataja saa nane usiku bila kuchoka wala kukosea. Hayo ndiyo tumeyaficha. "Bei njoo DM." Halafu shukrani, pole, utani, kumkumbuka mtu aliyenunua mwezi uliopita, mambo yanayotaka mtu wa kuyasema, tumeikabidhi mashine.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Mwanamke wa Bunju anayeshona sare za shule peke yake, cherehani mbele na mtoto pembeni, hawezi kushika simu kutwa. Lakini asome meseji zake. Nyingi ni "shilingi ngapi?" na "mko wapi?" Zimekuja kwa sababu ukurasa haukusema. Aandike bei chini ya kila picha, aiachie simu ijibu mahali na saa za kazi, ikisema wazi kwamba hili ni jibu la moja kwa moja na mwenyewe atapatikana jioni. Zitabaki chache ambazo kweli zinamhitaji yeye, na hizo atazimudu.

Wasimamizi wa kurasa watasema kelele ndizo zinazoukuza ukurasa: andika neno BEI kwenye komenti, boti ikutumie meseji, posti ipande. Desemba 2017 Facebook yenyewe ilitangaza kwamba posti za kuomba laiki na komenti kwa hila zitashushwa. Na wafuasi wa kununua? Instagram ilipofagia akaunti bandia Desemba 2014, Justin Bieber alipoteza wafuasi wapatao milioni 3.5. Novemba 2018 ikatangaza kuondoa laiki na komenti zinazozalishwa na programu za kukuza umaarufu wa akaunti. Mwenye duka la Temeke anayelipia wafuasi hewa anapoteza fedha, na anamdanganya mnunuzi kuhusu ukubwa wa biashara yake, wakati Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Mteja anachotafuta kwenye ukurasa ni dalili kwamba nyuma yake yuko mtu anayeweza kuulizwa kesho mzigo ukifika na kasoro. Jibu fupi lililochelewa, lenye jina la aliyeliandika na linalogusa alichouliza, linatoa dalili hiyo. Mioyo mitano myekundu ndani ya sekunde mbili haiitoi.

Wauzaji wengine husema wakitaja bei hadharani washindani watawashusha. Mshindani wa Keko anaijua bei yako tayari. Akiitaka, anamtuma kijana avuke barabara aje kuulizia kitanda. Sababu nyingine, isiyosemwa kwa sauti, ni kwamba bei ya DM hupangwa baada ya kuitazama picha ya muulizaji na mtaa anaoishi. Ukifanya hivyo, hakuna salamu ya mashine wala ya mtu itakayomfanya mteja akuamini, kwa sababu kwenye bei, mahali pa kwanza alipokuuliza, hukumwambia kweli.