Mlango Uliogeuka Soko

Wachina wana msemo wa uwanja wa mfalme uliofurika watu kama soko. Chanzo chake ni kisa cha Zou Ji, waziri wa Mfalme Wei wa Qi, katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Zou Ji aling'amua kwamba mkewe, suria wake na mgeni wake walimsifu kuwa mzuri kuliko mtu aliyemzidi kwa sura. Wa kwanza kwa mapenzi, wa pili kwa hofu, wa tatu kwa haja. Akamweleza mfalme kwamba yeye, mwenye nchi nzima, hudanganywa zaidi. Mfalme akatangaza tuzo kwa atakayemkosoa ana kwa ana, kwa atakayeandika, na hata kwa atakayemsema sokoni maneno yakamfikia.

Ndugu msomaji, tuzo hii ya tatu ndiyo inayonishughulisha. Huku kwetu wasemao sokoni walitafutwa kwa nia nyingine. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika waraka *Kenya: Twendapi?* na swali hilo likamtia kifungoni hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani, *Sauti ya Dhiki*, yalichapishwa 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mshairi alituzwa, muulizaji hakujibiwa.

Leo Katiba ya 2010, katika vifungu vya 118 na 196, inalitaka Bunge na mabunge ya kaunti yawashirikishe wananchi. Kwetu kisiwani Takawiri, wavuvi wa omena hurudi alfajiri na taa zao, na omena ikianikwa husemwa yote: bei ya mafuta, nyavu, ushuru. Siku ya baraza watu hao hao hunyamaza. (Pwani, baraza ni kiti cha mawe nje ya nyumba, wote wakaketi sawa, kwetu mmoja husimama, wengine nyasini.) Rasimu husomwa kwa Kiingereza, mzee mmoja hushukuru kwa niaba yetu, tunapiga makofi. Niliwahi kuombwa nifasiri: dakika tano, kurasa arobaini.

Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi napendekeza kila mwanachama, likizoni, aifasiri rasimu moja ya kaunti yake na kuipeleka sokoni kabla ya mkutano. Mimi nimeanza na ile ya kurasa arobaini. Nimefika ya kumi na moja, nami nimekwama kwenye istilahi za ushuru wa samaki. Mwenye msaada anitafute idarani.