Kochi Halipiti Mlangoni

Vijana wenzangu wa kalamu, nina ugomvi na kochi. Sio makochi yote. Nasema lile moja, kubwa, jeupe, la kisasa, lililojazana kwenye hadithi zetu kama kunguru wa Dar. Tajiri karudi kazini, kalegeza tai, "akazama kwenye sofa la kifahari". Msichana wa Buguruni kapelekwa Masaki, kaliona sofa, kachanganyikiwa. Basi! Limekaaje, nani kalitengeneza, linakaliwaje, mwandishi hana habari. Kalitoa kwenye video, kalitelekeza katikati ya sebule kama kontena bandarini.

Huo ni uvivu, tena uvivu wenye ubishoo ndani yake.

Hebu tuchukue sofa moja la kweli. Mwaka 1970 msanifu majengo wa Kiitaliano, Mario Bellini, alibuni sofa liitwalo Camaleonda. Jina kaliunga kwa maneno mawili ya kwao, kinyonga na wimbi. Lenyewe ni vipande vipande. Kila kiti ni mraba wa sentimita 90 kwa 90, kimeshindiliwa sponji na kuvutwa kwa vifungo mpaka kimevimba kama andazi. Vipande vinaunganishwa kwa kulabu na pete: leo unaondoa egemeo, kesho unaongeza kiti, keshokutwa limekuwa kitanda. Liliacha kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970, likarudishwa kiwandani 2020. Sasa niambieni, mume na mke wamenuniana, kila mmoja anachomoa kulabu na kuburuta kipande chake upande wake wa sebule. Hadithi si hiyo hapo? Lakini sisi tumeng'ang'ania "kifahari", neno lisilokaliwa na mtu.

Tupige hesabu kidogo. Chumba cha kupanga huku uswahilini ni futi 10 kwa 10, yaani kama sentimita 305. Vipande vitatu tu vya Bellini vimeshakula 270. Kitanda utakiweka wapi? Na ndoo za maji? Kwetu kochi linabanwa ukutani kwa sababu hakuna pengine pa kuliweka. Mtu aliyekulia humo, akiingizwa kwenye sebule ambamo vipande kumi vimekaa katikati na hakuna kinachogusa ukuta, hatashtushwa na kitambaa. Atashangaa kuwa kuna njia nyuma ya kochi. Kumbe mtu anaweza kuzunguka kiti chake mwenyewe! Miswada yote niliyopewa na washikaji niisome, hakuna hata mmoja ulioiona hiyo njia.

Najua mtanijibu: "Kwani unataka tuandike shida tu?" Nani kasema? Andikeni Masaki, andikeni Mbezi Beach mpaka wino uishe. Ila piteni Keko kwanza. Pale fundi anaonyeshwa picha ya sofa la Ulaya kwenye simu. Jina la mbunifu halimhusu. Anauliza sebule ina ukubwa gani na mlango una upana gani, maswali mawili ambayo mwandishi hakujiuliza. Halafu anapiga fremu ya mbao, anasuka mikanda ya mpira, anapanga sponji, anavuta kitambaa. Kochi likifika nyumbani mama analivika vitambaa vya kufuma, watoto wanafukuzwa wakae mkekani, baba yuko zake barazani na wenzake. Kochi la bei mbaya, na hakuna anayelikalia mpaka aje mgeni. Hilo nalo ni la tajiri? Ni la maskini? Mwandishi anayejua kazi yake ataanzia hapo.

Tunalalamika kila siku kwamba watu hawasomi vijana. Mbona wasituache? Msomaji wetu ni mtu anayepima chumba kwa macho kabla ya kutoa kodi ya miezi sita. Ukimdanganya kuhusu sebule atakukamata ukurasa wa pili, na hata mapenzi yako ya ukurasa wa kumi hatayaamini tena.

Riwaya yangu nayo ina tajiri, na sofa kaagiza, la kuchongesha, sio la vipande. Sura ya nne nzima wabebaji wanne wamelilaza ubavu nje ya mlango. Mmoja anaomba bisibisi ang'oe bawaba, mwenye nyumba anafoka wasimchafulie kitambaa, majirani wameshaleta viti vyao kutazama. Mpaka ukurasa wa 61 halijaingia.