Hitilafu ya Mashine Si Jibu la Mgonjwa

Mpakani Kasumulu, wilayani Kyela, malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka Mto Songwe kuingia Malawi. Dereva au mfanyabiashara wa mchele aliyeacha makohozi yake maabara akivuka leo, huenda asionekane tena kwa majuma kadhaa. Jibu atakaloondoka nalo ndilo atakaloliamini.

Miaka michache iliyopita nilimpokea mama mmoja mfanyabiashara, amekonda na anakohoa damu. Mwezi uliotangulia alikuwa amepimwa kifua kikuu katika kituo ambacho sina haja ya kukitaja. "Daktari, si niliambiwa sina?" aliniuliza. Tulipofuatilia, tulibaini kwamba kipimo hakikukamilika. Mashine ilirekodi hitilafu kwa tarakimu tu. Programu ya kuhamishia majibu kwenye rejesta haikuitambua tarakimu hiyo, ikaacha nafasi tupu. Naye mtumishi wa zamu akaisoma nafasi hiyo kuwa "hasi". Hakuna aliyekusudia uongo, lakini mgonjwa alidanganyika.

Programu nyingi zinazochakata takwimu za kisayansi huandika kumbukumbu za kazi zake, kama nahodha anayetoka Bandari ya Itungi anavyoandika mwendo na misukosuko ya safari. Kumbukumbu zisizosomeka ni sawa na kutokuwepo.

Chukua mfano wa GeneXpert, kipimo cha vinasaba ambacho Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2010 na ambacho hutoa jibu kwa takriban saa 2. "Bakteria hawakuonekana" ni jibu. "Hitilafu", "batili" na "hakuna jibu" si majibu: ni taarifa kwamba kipimo kirudiwe kwa katriji mpya. Pengine makohozi yalikuwa mazito, pengine umeme ulikatika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema kwamba mgonjwa ni mzima.

Historia ya tiba imekwisha kutuonya. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwapiga wagonjwa 6 huko Marekani na Kanada mionzi iliyozidi mno kiwango. Katika mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986, skrini ilionyesha tu neno la hitilafu na namba 54. Mwendeshaji, aliyezoea kuona hitilafu ndogondogo kila siku, alibonyeza kitufe cha kuendelea. Wagonjwa wawili waliotibiwa hapo walifariki.

Kwa maoni yangu, kila ujumbe wa hitilafu unapaswa kueleza mambo manne: ni sampuli ipi na saa ngapi, kimetokea nini, kina maana gani kwa jibu, na kifanyike nini. Badala ya "Hitilafu 2008" pekee, iandikwe: "Sampuli 114, saa 4:20 asubuhi. Shinikizo limezidi kiwango. Huenda makohozi ni mazito. Kipimo hakikukamilika, hakuna jibu. Rudia kwa katriji mpya." Namba ibaki kwa ajili ya fundi. Aidha, onyo zito litofautishwe na taarifa ya kawaida, maana kengele inayolia kutwa haimshtui mtu.

Wapo watakaosema kwamba programu zinatoka nje na hatuna uwezo nazo. Si zote. DHIS2, inayokusanya takwimu za vituo vyetu, ni programu huria iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakishiriki katika kuiendeleza. Programu za kuunganisha mashine na rejesta nazo zinaweza kuandikwa na vijana wetu wenyewe. Kwa zile tusizoweza kuzigusa, karatasi moja yenye maana ya kila namba kwa Kiswahili, ikibandikwa kando ya mashine, inatosha kwa kuanzia.

Mtumishi mwenzangu, usijaze "hasi" palipo patupu; andika "kipimo hakikukamilika", kisha mpigie mgonjwa simu kabla hajavuka mto. Nawe mgonjwa, kabla ya kuondoka maabara, uliza bila haya: "Je, kipimo changu kilikamilika?" Ni haki yako kujibiwa.