Deni la Italia Tunalilipa Sisi

Sisi Wasomali wa Garissa hatukuwa na ugomvi na Austria. Lakini Aprili 1915, jijini London, Uingereza, Ufaransa na Urusi zilitia sahihi mkataba wa siri na Italia ili iingie vitani upande wao dhidi ya Austria. Kifungu cha 13 kilisema Mwingereza na Mfaransa wakitwaa makoloni ya Mjerumani barani Afrika, Italia nayo itafidiwa, hasa kwa kurekebishiwa mipaka. Vita vikaisha, Mwingereza akachukua Tanganyika, Italia ikadai chake. Mwaka 1920 mawaziri Milner wa Uingereza na Scialoja wa Italia wakaelewana, 1924 mkataba ukatiwa sahihi, na Juni 1925 Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ikamegwa kutoka Kenya ikapewa Italia. Mpaka uliokuwa mto Juba ukahamishiwa magharibi, ukawa mstari ulionyooka katikati ya malisho. Mjomba akabaki Afmadow, shangazi Liboi, na kisima kikawa nchi ya wengine.

Hakuna mzee wetu aliyeulizwa. Na vita vya pili vilipokwisha yakawa yale yale: mwaka 1946 Bevin, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alipendekeza huko Paris kwamba Wasomali wengi wawekwe chini ya utawala mmoja, wenzake washindi wa vita wakakataa, kila mmoja akiangalia maslahi yake. Mwaka 1950 Italia, iliyoshindwa vitani, ikarudishiwa Somalia iilee kwa miaka 10.

Mara moja tu tuliulizwa. Mwaka 1962 tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, ilizunguka wilaya za kaskazini ikisikiliza. Waborana na wengine walikuwa na maoni yao, lakini Wasomali karibu wote walisema wanataka kuungana na Somalia. Machi 1963 London ikatangaza kwamba tunabaki Kenya. Kwa nini basi walituuliza? Likafuata jeshi, vikafuata vijiji vya kulazimishwa, na hali ya hatari iliyoondolewa 1991, wakati wajukuu wa walioulizwa wameshaoa.

Leo sisi ni Wakenya, tunalipa kodi na tunapiga kura. Hata hivyo basi la Nairobi likivuka daraja la Tana linasimamishwa, na abiria wote tunashuka na vitambulisho mkononi. Ajuza anashikwa mkono na makanga asianguke kwenye ngazi. Askari, kijana wa umri wa mjukuu wake, anakiinua kitambulisho juani, anakigeuza, kisha anamwambia, "Mama, kaa kando." Anaulizwa chifu wake ni nani na babu yake alizikwa wapi. Dereva anapiga honi. Basi la Nakuru haliguswi hivyo.

Na huyo ana kitambulisho. Wako vijana wetu ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha kambini Dadaab ili wapate chakula, na alama zao za vidole zikawageuza wakimbizi katika nchi waliyozaliwa. Hawawezi kusajili laini ya simu wala kuajiriwa.

Februari 2025, huko Wajir, rais alitangaza kwamba msasa wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho umekwisha. Tulishangilia, kwa kweli. Hatuombi mstari wa 1925 uchorwe upya. Damu iliyomwagika kwa ajili yake inatosha. Tunachotaka ni kijana wa Hulugho apate kitambulisho kwa masharti yale yale ya kijana wa Nyeri, na pale darajani abiria wa Garissa wabaki wamekaa vitini mwao.