Shimo bila jina: mawe ya milima ya Nyangezi yanauzwa kwa jina la nani?

Ukiuliza mtu wa Bukavu machimbo ya Walungu ni gani, jibu linakuja haraka: Nzibira kwa kasiterite, Mukungwe kwa dhahabu. Nyangezi haitajwi. Kwa wengi Nyangezi ni njia tu: unatoka Bukavu, unapita Munya, unateremka Ngomo, unafika Kamanyola. Lakini familia za wachimbaji ziko hapa. Vijana wanatoka hapa kwenda Nzibira, Kamituga, Lemera. Na wengine hawaendi mbali: wanapanda kilima, wanafungua kishimo cha watu wanne ao watano, wanateremka na kilo chache ndani ya mfuko. Kishimo kama kile hakiko kwenye karte yoyote. Jiwe likifika kwa negosia, linaulizwa linatoka wapi, na mtu anataja mahali ambapo jiwe halikutoka.

Tunaandika juu ya uongo huu mdogo, kwa sababu bei yake analipa mchimbaji.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kuyatafuta machimbo haya. Shirika la IPIS, la Antwerp kule Ubelgiji, linazunguka mashariki tangu 2009 pamoja na serivisi za Leta, likiandika machimbo kwenye karte. Kati ya 2013 na 2015 peke yake yalitembelewa zaidi ya 1,600, na karibu wachimbaji 4 katika 5 waliokutwa walikuwa kwenye dhahabu. Ni kazi kubwa. Lakini timu inafika pale inapoonyeshwa. Kishimo cha watu wanne kinafungwa wakati wa mvua, kinafunguliwa kiangazi pengine hatua hamsini mbele. Tena kilima kimoja kina majina matatu: jina la Mashi ambalo wazee wanajua, jina la PDG aliyefungua shimo, na jina la utani ambalo vijana walichukua kwenye redio. Mwenye GPS anaandika moja, negosia anataja lingine, na kiangazi kinachofuata hakuna anayejua kama ni shimo moja ao mawili.

Watu wa mbali, kumbe, wanajali sana jina la mahali. Kule Mwenga kuna mwamba unaoitwa Kobokobo. Kwa wataalamu wa mawe duniani ni jina kubwa, maana pale yalipatikana madini ambayo hayakuwa yamejulikana popote. Moja lilipewa jina kamitugaite, kutoka Kamituga. Vilevile Lueshe ya Rutshuru iliipa dunia lueshite. Ndani ya sanduku la muze ya Ulaya jiwe dogo kama punje ya mahindi linalala na karatasi yake: limeokotwa wapi, kilima gani, mto gani. Karatasi ikipotea, jiwe halina kazi tena kwa mtaalamu, hata kama linang'aa namna gani. Nyangezi nayo haikosi katika vitabu hivyo: wanajiolojia waliosoma kusini mwa ziwa Kivu walichukua jina la Nya-Ngezi kuita kundi la miamba ya zamani sana. Basi miamba yetu imeandikwa. Mashimo yetu ndiyo hayajaandikwa.

Sasa tuje kwenye sheria. Tangu 2012 Kongo imefuata utaratibu wa nchi za Maziwa Makuu, CIRGL. Timu ya watu wa Leta, sosiete sivile, wafanyabiashara na mashirika ya kimataifa inapanda chimbo, inaangalia kama kuna wenye silaha, watoto, ao wanawake wenye mimba ndani ya kazi. Kisha waziri wa madini anatoa rangi. Kijani: mawe yanaweza kuuzwa na kupata cheti. Manjano: kuna kasoro, mnapewa miezi 6 ya kurekebisha. Nyekundu: hakuna cheti. Na chimbo ambalo timu haikulifikia? Pale ndipo shida. Halina kosa, halina sifa, halina kitu. Kwa kasiterite, koltani na wolframite, jiwe bila etiketi ya chimbo linalojulikana halipiti kwenye kontwari kwa njia ya wazi.

Lakini jiwe halibaki kilimani. Linapita. Na namna linavyopita tuna mfano ndani ya Walungu hii hii. Mwaka 2022 shirika la Global Witness la London lilitoa ripoti juu ya etiketi za ITSCI, na Nzibira ilikuwa kati ya mahali palipotajwa. Ripoti ilisema mawe mengi yaliyofungwa etiketi pale yalitoka kwenye mashimo mengine ambayo hayakupewa kijani, na chimbo lililokuwa na ruhusa lilikuwa likitoa kidogo sana. ITSCI ilikataa mashtaka hayo. Hatutaamua ugomvi wao hapa. Tunachoona ni hiki: chimbo dogo lenye jina zuri linaweza kunenepa kwenye karatasi, wakati kilima kilichotoa mawe kinabaki bila kitu.

Nani anakula katikati? Si mchimbaji. Negosia anamwambia: "Mawe yako haina makaratasi, mimi ndiye niko na risk." Anashusha bei, na mchimbaji anakubali, maana jioni mama wa nyumba anangojea unga. Huyo negosia hasemi uongo wote: kweli kuna hatari. Lakini akishapata etiketi ya mahali pengine, anauza kwa bei ya mawe safi. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo kodi ya shimo bila jina, na hakuna risiti yake.

Tena njia hii haina maisha marefu. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, ilitengeneza njia ya kupima kemia ya kasiterite, koltani na wolframite ili kulinganisha jiwe na mahali linaposemwa kutoka. Maabara inasoma ndani ya punje vitu ambavyo jicho halioni, inalinganisha na sampuli za chimbo lililotajwa. Hawapimi kila mfuko, hapana. Lakini siku mfuko mmoja utakapopimwa na kukataliwa, anayefungiwa mlango si negosia peke yake. Ni chimbo lote lililoazima jina, pamoja na wachimbaji wake ambao hawakufanya kitu.

Wazee wengine wana neno lao, nalo si neno la kijinga: "Mukiandika ile shimo, kesho sosiete itakuja, ao basoda." Tunawaelewa. Kodi 2018 inasema mchimbaji wa mkono awe na karte yake na awe ndani ya koperativu iliyokubaliwa, na achimbe ndani ya eneo lililotengwa, ile tunaita ZEA. Maeneo hayo ni machache, na milima mingi ya Kivu ya Kusini imo tayari ndani ya permis ya mtu. Kule Luhwindja, wachimbaji wa Twangiza waliondoka kupisha mgodi mkubwa wa Banro, uliotoa dhahabu yake ya kwanza 2011. Mtu aliyechimba kilima tangu ujana hakuwa na karatasi hata moja inayosema hivyo.

Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo na wazee. Shimo lisiloandikwa halijafichwa kwa sosiete. Sosiete ina karte ya CAMI, inaona kilima chote hata bila kuwaona ninyi. Halijafichwa kwa mwenye silaha; yeye anafuata vumbi la njia na mifuko. Halijafichwa kwa negosia, maana ndiye mnunuzi. Limefichwa kwa wale tu ambao wangeweza kumtetea mchimbaji siku ya ugomvi. Kwa hiyo kabla ya kupeleka jina popote, mtu wa koperativu aangalie kwanza karte ya CAMI, ambayo iko wazi kwa watu wote, ajue kilima kiko ndani ya permis ya nani. Ukijua hilo, unajua utaongea na nani, na unajua pia kama ni afadhali kunyamaza kwanza.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya nyumbani. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua kubwa iliingiza maji ndani ya mashimo ya dhahabu ya Détroit. Walikufa watu wapata 50. Shimo likianguka, swali la kwanza la familia ni moja: nani alikuwa ndani leo? Kwenye kishimo cha kilimani ambacho hata jina halina, mama anaweza kungoja siku tatu akidhani mtoto amelala Bukavu.

Na sasa hali imekuwa ngumu zaidi. M23 iliingia Bukavu tarehe 14 Februari 2025. Mwezi huo huo Kinshasa ilipiga rangi nyekundu machimbo 38 ya Masisi na ya Kalehe, jirani zetu. Vile mambo yako, kungojea timu ipande milima ya Nyangezi kutoa rangi ni kungojea mvua ya Julai. Lakini kuandika hakungojei timu. Siku karte itafunguliwa tena, mwenye tarehe na majina atasikilizwa mbele ya mwenye maneno matupu.

Vya kuandika ni vitu vya kawaida. Jina la kijito na la kilima kwa Mashi, kama wazee wanavyoyaita, kabla ya jina la PDG. Utani uje mwisho. Simu nyingi zinatoa namba za GPS hata bila intaneti: simameni mdomoni mwa shimo, zichukueni. Mwaka shimo lilipofunguliwa. Waliomo kazini, na mama wanaotwanga wahesabiwe pia. Wazee waliofanya kazi SOMINKI wakiwa bado hai, waulizeni mitaro ya zamani ya utafiti iko wapi. Karte na karatasi nyingi za wakati ule ziko kwenye muze ya Tervuren, Ubelgiji, na watu wa jiolojia wa Université Officielle de Bukavu wanajua namna ya kuziomba.

Wekeni pia jiwe moja la kila shimo na karatasi yake. Kwanza hakikisheni ni jiwe gani: turmalini nyeusi inadanganya vijana wengi, lakini mkononi ni nyepesi, kasiterite inazidi uzito wake mara mbili. Sugueni kwenye kigae kisicho na rangi ya kung'aa: kasiterite inaacha alama karibu nyeupe, wolframite na koltani zinaacha ya kahawia ao nyeusi.

Kaye hiyo isikae kwa PDG peke yake. Nakala moja kwa koperativu, nyingine kwa mama mmoja anayeaminiwa kijijini. Namba za GPS zikae kwenye karatasi ya pembeni, ambayo haitembei njiani pamoja na mifuko. Kwenye barrière mtu anaweza kuulizwa simu, na picha za shimo zikiwa ndani yake atakuwa ameonyesha njia mwenyewe.