GESI YA SONGO SONGO IPITE DARASANI KWANZA

Iko kasumba moja iliyoota mizizi katika shule nyingi za sekondari nchini, nayo ni kufundisha sayansi kana kwamba sayansi ni mali ya watu wa nchi nyingine. Kasumba hiyo huonekana waziwazi katika kemia ya kaboni. Mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili, kisha darasa zima huimba kwa pamoja: methani, ethani, propani, butani. Huimba kama kasuku. Nje ya dirisha la mtoto wa pwani ya Kilwa iko bahari, na baharini humo kiko kisiwa cha Songo Songo, ambako methani hiyohiyo huvutwa kutoka chini ya ardhi usiku na mchana. Mtoto huyu atafaulu kuiandika methani katika karatasi ya mtihani, wala hatajua kwamba ni jirani yake.

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974. Ilikaa ardhini miaka 30, na mwaka 2004 ndipo ilipoanza kusafiri kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, ikaendesha mitambo ya umeme ya Ubungo na kuchoma saruji ya Wazo. Karibu gesi yote hiyo ni methani: atomi moja ya kaboni iliyoshikana na atomi nne za haidrojeni. Hapo ndipo somo lote linapoanzia. Kaboni ina mikono minne, na tena ina tabia ya kushikana na kaboni nyingine kama watu waliojipanga kuvuta jarife. Ikiongezwa kaboni ya pili hupatikana ethani. Ya tatu, propani. Ya nne, butani. Minyororo hiyo yaweza kurefuka, kutoa matawi, hata kujifunga duara. Ndiyo maana kampaundi za kaboni zinahesabiwa kwa mamilioni.

Maelezo hayo si ya kupamba daftari. Mtungi wa gesi anaopikia mama lishe wa Lindi mjini una propani na butani, ambazo huwa maji zikigandamizwa kidogo tu. Methani haikubali hivyo. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa sharti ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ndipo igeuke kimiminika cha kupakiwa melini. Kwa sababu hiyo mtambo wa kusindika gesi unaokusudiwa kujengwa Likong'o, karibu na Lindi, ni kazi ya mabilioni ya dola. Mwanafunzi aliyeelewa tofauti ya kaboni moja na kaboni tatu tayari ameelewa nusu ya mazungumzo yanayofanywa juu ya mali yake. Aliyekariri majina tu hakuelewa lolote.

Kuna mfano mwingine ulio mzito zaidi. Mwaka 1828 mwalimu wa shule ya ufundi mjini Berlin, Friedrich Wöhler, alitengeneza urea katika chupa za maabara. Urea ilijulikana kuwa kitu cha mkojo, na wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba vitu vya namna hiyo haviwezi kutengenezwa ila na mwili ulio hai. Kazi ya mwalimu huyo ilianza kuivunja imani hiyo, na vitabu vingi vya kemia ya kaboni hufungua kwa habari zake. Lakini vitabu hivyo humfikisha mwanafunzi Berlin na kumwacha hukohuko. Havimwambii kwamba urea ndiyo ile mbolea nyeupe anayoinunua baba yake kwa bei inayopanda kila msimu. Havimwambii kwamba viwandani urea hutengenezwa kwa kuanzia na methani: haidrojeni ya methani huungana na naitrojeni ya hewani ikawa amonia, na amonia huungana na hewa ya kaboni ikawa urea. Wala havimwambii kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa Masoko kwa gesi ya Songo Songo, ikaundwa hata kampuni iliyoitwa KILAMCO. Kiwanda hakikujengwa. Mpango ukarudi tena katika miaka ya 2010, na Kilwa Masoko bado haina kiwanda hicho.

Sababu za fedha, soko na wabia zilikuwa nyingi, na si haki kuzitwika shule lawama yote. Hata hivyo taifa ambalo vijana wake hawajui njia ya kutoka methani hadi urea litasubiri mgeni aje kuijenga njia hiyo kwa saa aitakayo na kwa masharti yake. Penye miti hapana wajenzi.

Pwani hiyo imekwisha kulipa ada ya ujinga huo mara nyingi. Katika karne ya 19 wananchi walichimba sandarusi mchangani, utomvu wa kale uliogeuka kuwa kama jiwe, ukapelekwa Unguja na kutoka huko hadi Salem nchini Marekani, ukawa vanishi ya kung'arishia samani za matajiri. Mwishoni mwa karne hiyo ukaja mpira wa porini kutoka Liwale na nchi ya Donde, ukapitia Kilwa na kwenda zake Ulaya. Sandarusi ni kaboni. Mpira ni mnyororo mrefu wa kaboni. Mchimbaji na mgema walilipwa ujira wa jasho. Faida ya maarifa ilibaki kwa aliyejua kitu hicho ni nini.

Leo iko korosho. Sehemu kubwa ya zao hilo bado husafirishwa ghafi, ganda na kiini pamoja. Ndani ya ganda hilo yamo mafuta makali yanayobabua vidole vya wabanguaji. Mkemia huyatambua kuwa ni jamii ya fenoli yenye mkia mrefu wa kaboni, nayo hutumika katika rangi, gundi na vitambaa vya breki za magari. Kwa hiyo mkulima wa Nachingwea huuza korosho, na pamoja nayo hutoa bure malighafi ya breki za lori linaloibeba.

Watetezi wa mtindo wa sasa wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba shule hazina maabara. Ni kweli kwamba shule nyingi zina upungufu, na wajibu wa kuuondoa hauwezi kukwepwa. Lakini Alessandro Volta alipoitafiti methani mwaka 1776 aliikinga katika chupa kutoka matope ya ziwa aliyoyatibua kwa fimbo. Matope yenye majani yaliyooza yapo pia katika madimbwi ya bonde la Matandu. Tembo la mnazi likiachwa siku kadhaa sukari yake huwa alkoholi, na alkoholi huwa asidi ya siki. Mafuta ya nazi yakichemshwa na soda kali, chini ya uangalizi wa mwalimu, hutoa sabuni na gliserini. Anayeshindwa kufundisha kaboni mahali penye minazi, ufuta na mikorosho hakukosa vifaa peke yake.

Hoja ya pili ni mtihani. Husemwa kwamba mtihani hauulizi sandarusi. Basi na uulize! Mtihani hutungwa na watu, tena watumishi wa umma. Maswali yakidai kukariri, walimu watakaririsha. Yakidai kueleza kwa nini gesi ya bomba haitiwi katika mtungi wa kawaida wa kupikia, walimu watafundisha.

Hoja ya tatu haisemwi hadharani, nayo ndiyo mbaya kuliko zote: kwamba kutaja tembo na korosho darasani ni kuishushia sayansi hadhi. Hiyo ni fikra ya kikoloni iliyovaa koti jeupe la maabara. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule isiwe kisiwa ndani ya jamii yake. Hata kisingizio cha lugha kimepungua nguvu, kwa kuwa tangu mwaka 1990 ipo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na mwalimu aweza kulifafanua kwa Kiswahili jambo ambalo wanafunzi wamelinakili kwa Kiingereza bila kulielewa.

Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa mabishano juu ya bomba la gesi. Wananchi walidai kujua manufaa yao, na kudai hivyo si kosa. Kosa ni la shule iliyowapitisha vijana wengi katika kemia bila kuwaambia kitu kinachopita bombani ni nini na chaweza kugeuzwa kuwa nini. Waandaaji wa mitaala, watungaji wa mitihani, wakaguzi na walimu wanao uwezo wa kulisahihisha hilo pasipo kungoja mwekezaji yeyote. Bomba limekwisha kufika Dar es Salaam. Sasa lifike darasani Kilwa.