Mimba Ikiingia, Tembe Haziachwi

Kuna ushauri ambao kila mtu anao na hakuna anayeutoza pesa: mwanamke akishika mimba, aache dawa. Shangazi anautoa, jirani anautoa, na hata mwenye duka la dawa hujikuta ameutoa. Utausikia Nairobi, na utausikia Oldonyiro, magharibi mwa Isiolo, kule kaunti inakopakana na Samburu na Laikipia. Tena hutolewa kwa upendo: “Mwanangu, sasa hauko peke yako. Hizo tembe zitamdhuru mtoto.”

Ushauri huu ni mbaya. Kwa mwanamke ambaye tezi yake ya thairoidi imelegea, na ambaye amekwisha kupoteza mimba, unaweza kumgharimu nyingine.

Tezi hiyo iko mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, na homoni yake ndiyo inayouamuru mwili uende kwa kasi gani. Ikilegea, mwanamke huchoka, husikia baridi, ngozi hukauka, hedhi huja nzito au huvurugika, na pengine yai halipevuki. Akibahatika kushika mimba bila matibabu, uwezekano wa mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake huongezeka. Lakini ni nani Oldonyiro atakayeshtuka akiambiwa mwanamke amechoka? Amekamua mbuzi alfajiri, amefuata maji na kuni, na kiangazi hakijakwisha. Bila shaka amechoka. Wanaojua habari za thairoidi nao hutazama shingo tu, wakitafuta rovu. Kenya iliifanya chumvi yenye madini ya iodini kuwa sharti la kisheria mwaka 1978, na ni jambo jema, ila iodini haimtibu mwanamke ambaye kinga ya mwili wake inaishambulia tezi. Tezi ya namna hiyo inaweza kudhoofika miaka mingi bila shingo kuvimba hata kidogo. Jibu liko kwenye kipimo cha damu, TSH.

Sasa tuje kwenye mimba. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hutegemea homoni ya mama, kwa kuwa tezi yake mwenyewe haijaanza kujitosheleza. Mama mwenye tezi nzima huongeza uzalishaji bila kujua. Mama ambaye tezi yake imelegea hana cha kuongeza isipokuwa kilicho ndani ya tembe. Ndiyo maana mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2017 unasema anayetumia levothairoksini, mara tu anapothibitisha ana mimba, aongeze dozi kwa asilimia 20 hadi 30. Njia rahisi ni tembe mbili zaidi kwa wiki: tisa badala ya saba. Daktari ampe maelekezo hayo mapema, kabla mimba haijaingia. Kwa hiyo wakati ule ule kijiji kinapomwambia aache, mwili wake unadai zaidi.

Na ni dawa gani hii inayoogopwa hivyo? Levothairoksini ni homoni ile ile ambayo tezi ingeitoa kama ingekuwa nzima. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mwanamke mgonjwa maji yaliyotokana na tezi za kondoo. Mwanamke huyo aliishi miaka 28 zaidi. Wazee wa soko la mifugo la Oldonyiro, nadhani, wangemwelewa Murray upesi kuliko sisi wa mjini.

Hofu yenyewe ina chanzo, wala siidharau. Dawa ya thalidomaidi, iliyoondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961, iliwaacha maelfu ya watoto na viungo visivyokamilika, na tangu hapo kila mjamzito ana haki ya kuuliza kuhusu kila anachomeza. Aulize. Kinachonikera ni pale swali linapogeuka amri. Mbona mjamzito anayeishi na VVU haambiwi aache dawa zake? Kliniki zetu zimeshinda hoja hiyo, tena kwa kurudia ujumbe mmoja miaka nenda miaka rudi: usikose hata siku moja. Thairoidi haijapata msemaji wa namna hiyo. Mimba inapotoka, lawama humrudia mwanamke: ana mkosi, ametazamwa na jicho baya, alibeba mzigo mzito. Hakuna anayemlaumu aliyemwambia aache tembe.

Simaanishi kwamba kila mimba iliyotoka imetolewa na thairoidi. Nyingi zinazoharibika mapema huwa na kasoro katika kromosomu, na hakuna tembe ambayo ingeziokoa. Hata levothairoksini ina mipaka yake. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019 uliwapa wanawake 952 dawa hiyo au tembe tupu. Walikuwa na viashiria vya kinga ya mwili kuishambulia tezi, lakini tezi zao zilikuwa bado zinafanya kazi sawasawa. Waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 37.4 kwa waliopewa dawa na 37.9 kwa waliopewa tembe tupu. Kwa hiyo asiyeihitaji asiimeze kwa kubahatisha. Anayeihitaji asiiache.

Kuimeza nako kuna utaratibu wake, na hapa maisha ya wafugaji yana mtego. Maziwa huizuia dawa isifyonzwe vizuri, na siku Oldonyiro huanza kwa chai ya maziwa. Tembe za madini ya chuma, zile anazopewa kila mjamzito kliniki, huizuia zaidi. Mwanamke anaweza kumeza vyote kwa kikombe kimoja, kwa uaminifu kabisa, na asifaidike. Ameze levothairoksini kwa maji anapoamka, kabla hajaenda kukamua. Hadi atoke zizini na moto uwake, nusu saa au saa nzima itakuwa imepita. Madini ya chuma yangoje mchana au jioni, angalau saa nne baadaye. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji nesi mwenye dakika tano.

Kinachohitaji bajeti ni kipimo. Anayetafuta mimba akiwa kwenye dawa anatakiwa TSH yake iwe chini ya 2.5, na akishika mimba apimwe kila wiki nne hadi katikati ya ujauzito. Kumpandisha gari kupitia Kipsing hadi mjini Isiolo kila mara, kwa ajili ya kijichupa cha damu, ni kumwambia asije. Damu ndiyo isafiri. Sampuli za kupima wingi wa VVU husafirishwa kutoka vituo vidogo hadi maabara kubwa kote nchini, na sioni kwa nini serikali ya kaunti ishindwe kuipakia TSH katika safari hizo hizo, ikianza na wanawake waliowahi kupoteza mimba.

Na siku ya kliniki, mama mkwe aitwe ndani, asikie kutoka kwa nesi mwenyewe. Wiki ya tano ya mimba nesi hatakuwepo pale manyatta. Mama mkwe atakuwepo.